Etau ya Mathilde na Jogoo wa Kabedi

“Basi nielezee, weye Mathilde! Nielezee mbele ya bantu bote! Jogoo inaweza kujinyonyoa shingo ye mwenyewe? Inapinda mudomo hivi, inafika huku nyuma, inang'oa manyoya moja-moja, halafu inayapeleka wapi? Inayatuma posta?”

Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mama Kabedi akigomba hapiti mtu, ukipita umejipunja. Alikuwa amebandika kifua kwenye ua wa matete uliotenga kiwanja chake na cha Mathilde, jogoo wake kamkumbatia kwapani kama mtoto anayepelekwa zahanati. Jogoo huyo aliitwa Chef de Gare, mkuu wa stesheni, kwa kuwa aliwika saa kumi na moja kamili kila alfajiri, na mtaa mzima ulimwamini kuliko ratiba ya treni. Alikuwa mwekundu wa kungʼaa, na shingoni manyoya yake yalitelemka marefu, membamba, yenye ncha nyeusi. Yalitelemka upande wa kulia. Upande wa kushoto kulikuwa na ngozi tupu, ya waridi, iliyosinyaa kama kidole cha mtu aliyefua asubuhi nzima.

“Mama Kabedi,” Mathilde akajibu bila kuinua macho, “hii ni kiangazi. Kuku yote inapukutika.”

“Inapukutika shingo tu?”

“Inaanzaka shingo.”

“Na shingo yenyewe upande ya kushoto tu? Upande ya kuelekea kwako?”

Kicheko kikapasuka barabarani. Hata Tshiala, mteja aliyekuwa ameketi chini kichwa chake kikiwa kati ya magoti ya Mathilde, nusu kimesukwa, nusu kimetimka, alicheka mpaka chanuo likaanguka. Mathilde akakibana kile kichwa kwa magoti.

“Tulia, Mama. Ukicheka, njia itapinda, utasema ni minyi, ni mikono yangu.”

“Unayapelekea nganga!” Kabedi akapaza sauti. “Sema tu! Manyoya ya jogoo mwekundu, kila muntu anajua ni kazi ya nani!”

Hapo watu waliacha kucheka, wakasogea karibu zaidi. Mathilde akahisi masikio yakimwaka moto. Angeweza kulimaliza neno lile kwa sentensi moja, lakini sentensi yenyewe ndiyo aliyokuwa akiificha wiki ya pili sasa. Akainama juu ya kichwa cha Tshiala, akasuka. Kabedi alipochoka kusubiri jibu, aliondoka na jogoo wake akiwaahidi watu kwamba kesi haijaisha.

Manyoya alikuwa ameyang'oa yeye. Chef de Gare alikuwa na tabia ya kupitisha kichwa kwenye matete kutafuta makombo, na Mathilde alikuwa na punje za mahindi kiganjani. Jogoo alipokula kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ulikuwa kazini. Wala hakulia, maskini. Alifikiri anabembelezwa.

Mambo yalianza na Élisha. Kijana huyo wa Bukama hupeleka wageni mtoni Lualaba kuvua mbenga, yule samaki mwenye meno kama msumeno. Wageni wenyewe ni wa ajabu: wanatoka mbali, wanalipa hela, wanahangaika juani siku nzima, wanampata samaki, wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini! Mathilde aliposikia hivyo alimuuliza Élisha mara tatu kama watu hao wana afya. Na hawavui kwa nyavu wala kwa mnyoo. Wanavua kwa manyoya: ndoano imefungiwa manyoya ya kuku, nywele za mbuzi na uzi, mpaka ikifika majini inacheza kama kasamaki kadogo.

“Sisi tunaiita nzi,” Élisha alimwambia.

“Nzi? Lakini iko na mkia.”

“Mama, minyi si njo nilitoa ile jina.”

Élisha alikuwa amekuja Kamina kumsalimia dada yake, akakuta kichwa cha dada kimesukwa misuko arobaini iliyolingana kama reli. Akauliza ni mikono ya nani. Ndipo akaja kwa Mathilde na ndoano kumi na nane kwenye kopo la dawa, na nzi mmoja wa mfano. “Nitengenezee sita,” akasema. “Sita zenye kufanana kama bantu ba tumbo moja. Nitarudi Jumapili ya pili. Zikiwa sawa, kazi ya kila kiangazi ni yako. Zikikataa, nitaendelea kuagiza huko ng'ambo.”

Mathilde hakulala vizuri tangu siku ile. Wateja walikuwa wanampungukia. Wanawake wa kambi ya wanajeshi na wa nyumba za reli, wote walikuwa wameanza kuvaa nywele za dukani. Unazivaa Jumapili, unazivua Jumatatu, msusi anabaki akiangalia vidole vyake. Na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua isipokuwa hii ya vidole. Ndiyo maana alifunga mdomo. Mtaani pale ukikaanga mandazi leo, kesho majirani saba wanakaanga, na keshokutwa hakuna anayenunua.

Mtu pekee aliyemwambia ni Papa Ézéchiel wa nyumba ya nyuma, fundi mstaafu wa karakana ya reli, mtunza siri mzuri kuliko wote kwa sababu nyundo za karakana zilishamla masikio. Unamwambia siri, anasikia nusu, na ile nusu anaisahau. Papa Ézéchiel alikuwa na etau, lile koleo kubwa la chuma linalofungwa mezani, lenye mataya mawili na mkono wa kuzungusha, la kubania kitu ili mikono yote miwili iwe huru. Mathilde alihitaji kitu kama hicho hasa. Kichwa cha mteja unakibana kwa magoti. Ndoano ndogo kama ukucha utaibana na nini?

“Kaza!” Papa Ézéchiel alimwelekeza. “Kaza mpaka ilie! Chuma isipolia haijashikwa!”

Ndivyo mafundi wa reli walivyofunzwa, na kwa boliti ya reli ni maneno ya hekima. Mathilde akakaza. Ndoano ikalia, ndiyo, halafu ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu ikapondeka kama mtama. Mataya yale yalikuwa mapana kama kiganja. Vidole vyake havikupata pa kupita. Aliharibu tano kabla ya kumwambia mzee asante. Akajaribu kubana kwa kibanio cha nguo, ndoano ikazunguka na uzi. Akajaribu kwa vidole vya mguu, na hilo tusilizungumze, kovu lipo. Siku ya Ijumaa, siku ya ugomvi wa jogoo, kopo lilikuwa limebaki na ndoano saba kati ya zile kumi na nane. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

“Mama Tshiala,” akauliza polepole, watu walipokwisha kutawanyika, “bwana yako angali anauzishaka vyuma?”

“Bokungu? Anauzisha mpaka vijiko vyangu.”

“Hana etau? Kadogo?”

Tshiala akageuza kichwa, msuko ukamponyoka Mathilde mkononi. “Etau ya nini, msusi?”

“Ya kitu.”

“Kitu gani?”

“Geuka mbele, Mama.”

Nyuma ya matete, kitu kilisogea. Mathilde alifikiri ni jogoo.

*

Bokungu alikuwa askari mstaafu kutoka jimbo la Équateur, aliyeletwa na jeshi kambini Kamina miaka mingi iliyopita, jeshi likaendelea na safari, yeye akabaki. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa amekwisha kutandika turubai lake kando ya njia ya kambi: spana, minyororo, vitasa visivyo na ufunguo, funguo zisizo na vitasa. Mathilde alipotaja etau, mzee akapanga mbele yake tatu, kama anayepanga askari.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, ndugu wa ile ya Papa Ézéchiel. Mathilde hata hakuiinamia.

Ya pili ilimpiga moyo. Ilikuwa ndogo, mpya, imepakwa rangi nyekundu kama kucha za bibi arusi, na chini yake skrubu ya kuifungia mezani. Mataya yake yalikuwa membamba.

“Hii imetoka Lubumbashi wiki hii, mama na ngai,” Bokungu akasema, akimwita mama yangu kwa Kilingala cha kwao. “Elfu makumi inne. Bei hiyo, juu ni weye njo unamusukaka bibi yangu.”

Elfu arobaini ndizo alizokuwa nazo kwenye fundo la kitenge, hakuna chini wala juu.

“Na ile?”

Ya tatu ilikuwa imelala pembeni kama kitu kilichoombewa radhi: kakoleo ka mkononi, kenye kutu, mataya yamechongoka kama mdomo wa ndege, na nati yenye masikio ya kukazia. Hakakuwa na mguu wala skrubu ya meza. Kishikio tu.

“Ilikuwa ya muntu wa kutengeneza saa. Yeye alikufa, na hiyo naona inamufuata. Achana nayo.”

Mathilde akaishika ile nyekundu. Akazungusha mkono wake. Ulizunguka laini kama kwenye mafuta. Akatoa kopo. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu njiani: ndoano saba, nzi sita. Ndoano moja tu ndiyo ya kujaribia. Moja kwa etau tatu. Akaichukua, akawa anasita, mara nyuma yake sauti ikasema:

“Hiyo nyekundu ni bati.”

Hakuhitaji kugeuka. Kabedi alikuwa amesimama na kikapu kitupu, kitenge kichwani, ana uso wa mtu aliyekuja sokoni kwa shughuli zake, ingawa soko la kwake alikuwa ameliacha kilomita mbili nzima nyuma.

“Umenifuata?”

“Nakufuata kwani weye ni mwenge? Minyi natafuta kitasa.” Kisha uvumilivu ukamwisha. “Ile nini? Kandoano? Juu ya nini kadogo vile? Na manyoya inaingia wapi?”

Mathilde akamtazama. Alikuwa amechoka kuwa peke yake na jambo hili. Akatoa nzi wa mfano wa Élisha, akamweka kwenye kiganja cha jirani yake, na akamweleza yote: mbenga, wageni wanaorudisha samaki majini, Jumapili. Yote, isipokuwa shingo ya jogoo.

Kabedi aligeuza lile dude huku na huku. Akalipuliza, mkia ukacheza. “E Vidye!” akanong'ona, akimwita Mungu kwa Kiluba. “Samaki ana meno kama ile, anadanganywa na kitu ya salon?” Akapuliza tena. Akapuliza mara ya tatu, kisha akajikumbuka, akamrudishia. “Kesi ya jogoo haijaisha. Lakini hii ni kesi ya chuma. Papa Bokungu, leta spana.”

“Ya kufanya nini?”

“Leta.”

Marehemu baba yake Kabedi alikuwa mgonga magurudumu. Treni iliposimama stesheni, yeye ndiye aliyepita chini ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa. Kabedi alikua akimbebea chai, na kwao hata sufuria haikununuliwa kabla ya kugongwa.

Akachuchumaa. Akaining'iniza etau kubwa kwa kamba, akaigonga. *Ngwiiiii*, ikaenda sauti mpaka kwa muuza mkaa.

“Hii ni chuma ya mama na baba. Lakini ni kiboko. Ndoano yako itapotelea ndani.”

Akagonga nyekundu. *Pwa.*

“Umesikia? Imelala. Mataya yake ni laini. Utabana leo, utabana kesho, kesho kutwa ndoano itakuwa imejichimbia mufereji, itakuwa inateleza.”

“Mama, usiniharibie biashara,” Bokungu akasema.

“Biashara yako iliharibika tangu kwa fundi wa rangi, Papa.”

Akagonga kale kadogo, taya la kwanza. *Ti.* Sauti nyembamba, kali, fupi. Kabedi akainua kidole. Akagonga taya la pili. *Kha.*

Wote watatu wakatazamana. Akarudia. *Ti. Kha.*

“Inakohoa,” Mathilde akasema, na moyo ukamshuka.

“Nilisema inamufuata mwenyewe,” Bokungu akasema kwa upole, na mkono wake ukasukuma ile nyekundu mbele kidogo.

Mathilde akafungua fundo la kitenge. Afadhali laini kuliko yenye ufa. Angalau ingemfikisha Jumapili. Lakini Kabedi alikuwa bado amechuchumaa, amekabandika kale kakoleo sikioni kama simu.

“Ngoja. Baba hakuwahi kukataa gurudumu kwa kugonga mara moja. Alikuwa anasema uchafu nao unakohoaka. Kwanza unafuta, halafu unagonga tena. Papa Bokungu, petroli.”

“Sasa petroli!”

“Kidogo ya kuogesha maiti.”

Bokungu akatoa chupa huku akimlalamikia Mungu kwa Kilingala. Kabedi akafungua nati, akachokoa kwenye kiungo kwa pini ya nywele aliyomng'oa Mathilde kichwani bila kuomba, na yakatoka mafuta yaliyoganda, meusi, magumu kama ugoro wa miaka ishirini. Akafuta kwa pindo la kitenge. Akakainua. Muuza mkaa alikuwa amesogea. Na mama wa karanga. Watu sita, saba, wamenyamaza, hakuna anayejua wanasubiri nini lakini hakuna anayetaka kulikosa.

*Ti.*

Akageuza.

*Ti.*

“Aaah!” wakasema wote, hata Bokungu.

Mathilde akaibana ile ndoano moja ya kujaribia. Hakukaza mpaka ilie. Alikaza kama anavyobana kichwa cha mteja, kiasi cha kukizuia kisicheke. Akaisukuma kwa kidole. Ndoano ikapinda kidogo, ikarudi, na pale iliposhikwa haikusogea hata unywele. Akaitoa, akaitazama juani. Haikuwa na jeraha.

“Elfu makumi mbili,” akasema.

“Makumi tatu. Mumetumia petroli yangu.”

“Makumi mbili, na bibi yako nitamumalizia kichwa bure. Jana alirudi nusu, giza ilitukuta.”

Bokungu akafikiria mwanamke aliyemwacha nyumbani na nusu kichwa. “Chukua,” akasema. “Chukua haraka.”

Njiani Kabedi alitembea mbele, hatua tatu. “Haina muguu,” akasema bila kugeuka. “Utaifungia wapi?”

Mathilde alikuwa akilifikiria hilo hilo. Mikono miwili huru, kichwa kimebanwa. Vidole hushika nywele, magoti hushika kichwa. Akasimama katikati ya njia.

“Kwa Papa Ézéchiel,” akasema. “Kiboko yake itashika hii kwa kishikio. Hii itashika ndoano.”

Kabedi akageuka, akamtazama juu mpaka chini. “Magoti na vidole,” akasema. Kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akaongeza mwendo.

*

Jumapili baada ya ibada, Élisha alikuja na pikipiki ya kukodi, akiwa na haraka ya treni. Mathilde alikuwa amepanga nzi sita kwenye kitambaa cheupe juu ya kiti. Alikuwa amefanya kazi tangu Jumamosi mchana mpaka vidole vikafa ganzi, Papa Ézéchiel akimpigia kelele akaze, yeye akikataa kukaza.

Élisha akachuchumaa mbele ya kiti. Akachukua wa kwanza, akamvuta kwa koleo. Akavuta wa pili. Akawapanga wote ncha kwa ncha, akapima mikia kwa kucha ya kidole gumba. Kisha akaomba beseni la maji, akawatumbukiza mmoja mmoja na kuwakokota kwa uzi. Majini yale manyoya mekundu yenye ncha nyeusi yalifunguka, yakafunga, yakafunguka. Nyuma ya matete mtu alivuta pumzi.

“Mama,” Élisha akasema, “tangu nianze hii kazi sijaona zenye kufanana hivi. Nataka makumi sita mbele ya mvua.” Mathilde akaanza kushukuru, lakini kijana alikuwa bado analitazama beseni. “Rangi hii hii, lakini. Wageni watauliza. Manyoya ya hivi unayatoa wapi?”

Mathilde akafungua mdomo. Angeweza kusema sokoni. Lakini makumi sita hayaokotwi sokoni, na ile sauti ya pumzi nyuma ya matete ilikuwa imekatika kabisa, kama ya mtu anayesikiliza gurudumu.

“Kwa jirani yangu,” akasema, kwa sauti ya kufika mbali. “Mama Kabedi. Ni shingo ya jogoo yake. Nilimunyonyoa bila kuomba. Manyoya kenda.”

Matete yakatikisika.

“Kumi na moja,” ikasema sauti ya upande wa pili. “Nilihesabu mashimo.”

“Kumi na moja,” Mathilde akakubali.

“Wee si ulisema ni kiangazi?”

“Nilisema, yaya, dada yangu.”

Kichwa cha Kabedi kikatokeza juu ya ua. Hakumtazama Mathilde; alimtazama Élisha. “Kijana, ile jogoo iko na watoto saba madume, bote na shingo ya baba. Manyoya itapatikana. Lakini hakuna muntu atayang'oa nikiwa mu choo. Ataomba. Na minyi njo nitachagua.”

“Ni sawa, Mama,” Élisha akasema, na kwa kuwa treni ya Kamina huchelewa siku zote isipokuwa siku unayochelewa wewe, akahesabu nusu ya hela, akaiweka mkononi mwa Mathilde, akakimbilia pikipiki.

Wanawake wawili wakabaki na matete katikati. Kutoka jikoni kwa Kabedi moshi ulikuwa ukipanda, na harufu yake ilikuwa nzito, ya Jumapili. Mathilde akainusa, akakumbuka kwamba tangu asubuhi hakusikia mtu akiwika. Akayashika matete.

“Yaya Kabedi. Mu chungu, iko nini?”

“Weye unafikiri iko nini?”

“Hukumu... hukumuchinja?”

Kabedi akaangua kicheko ambacho hakika kilifika stesheni. Akasogea pembeni. Nyuma yake, kwenye kizingiti cha jiko, Chef de Gare alisimama kwa mguu mmoja, shingo imevishwa kitambaa cha soksi kuzuia jua, akiwatazama kwa dharau.

“Nimuchinje muntu mwenye kazi? Iko sombe, majani ya muhogo, na samaki ya chumvi. Pita kwa mulango, usipite kwa matete kama mwivi. Kuya ukule, bukari ya mahindi inapoa.”